Watu Sita

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 2 Oktoba 2013, maofisa wa serikali ya Marekani walikutana kwenye kikao cha dharura kuhesabu matokeo ya siku moja. Tovuti ya HealthCare.gov ilikuwa imefunguliwa siku iliyotangulia. Wananchi wa majimbo 36 walikuwa wameambiwa wapitie hapo kununua bima ya afya, chini ya sheria ambayo Rais Barack Obama aliipigania kuliko nyingine yoyote. Katika saa 24 za mwanzo watu milioni 4.7 walibisha hodi. Kumbukumbu za kikao kile, ambazo baadaye ziliwekwa wazi na kamati ya Bunge, zinaonesha idadi ya waliokuwa wamefika mwisho wa safari na kujiandikisha: sita.

Kila ninapokaa na vijana wanaoanza kazi ya kupima programu, huanza na namba hiyo. Huwa nawaacha waitafakari kwanza kabla sijaendelea. Halafu mmoja wao husema kile ambacho wengi husema, kwamba wageni walikuwa wengi kupita kiasi. Ni kweli, lakini haitoshi. Todd Park, aliyekuwa mkuu wa teknolojia wa serikali ya Marekani, alieleza siku chache baada ya uzinduzi kwamba waliojazana kwa wakati mmoja walifika kama 250,000, wakati waliotarajiwa walikuwa 50,000 hadi 60,000. Mfumo ulizidiwa mara nne au tano. Hata hivyo, gazeti la Washington Post likaja kuripoti jambo linalouma zaidi. Siku chache kabla ya uzinduzi lilifanywa jaribio la watu mia chache tu wa kuigiza, wakiingia kwa pamoja, na tovuti ikaanguka.

Mfumo ulioshindwa kubeba mia chache ukafunguliwa kwa mamilioni.

Jaribio, basi, lilikuwepo, na lilisema kweli. Halikuwa na nguvu ya kumzuia mtu yeyote kufanya chochote. Tarehe ilikwishatangazwa, kanuni za serikali zilikwishaiweka, wakubwa walikwishaisema mbele ya kamera. Wakandarasi walipohojiwa bungeni tarehe 24 Oktoba, walisema kwamba upimaji wa mfumo mzima, kuanzia mgeni anapoingia hadi bima inapotoka, ulifanyika katika wiki mbili za mwisho. Walikiri kwamba kwa mfumo mkubwa namna ile walihitaji miezi. Kazi ilikuwa imegawanywa kwa wakandarasi 55. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na vipande vile havikuwahi kubebeshwa mzigo kwa pamoja mpaka siku zilipokuwa zimekwisha.

Kuna uamuzi mmoja katika mkasa huu ambao naona haujadiliwi vya kutosha. Mwanzoni mpango ulikuwa mgeni aweze kuzunguka ndani ya tovuti na kulinganisha bei za bima bila kufungua akaunti, kama mtu anayepita Kariakoo akishika vitambaa na kuuliza bei bila kuulizwa jina lake. Kabla ya uzinduzi sehemu hiyo ikazimwa. Kila aliyefika, hata aliyetaka kuchungulia tu, akalazimika kupita kwenye mlango mmoja wa kusajili akaunti, na mlango huo ndio ulioziba. Aliyefanya uamuzi ule huenda hakugusa hata mstari mmoja wa msimbo. Lakini aliongeza mzigo kuliko mhandisi yeyote angeweza kuupunguza kwa wiki mbili zilizobaki. Ndiyo maana nasema upimaji wa mzigo hauwezi kuwa kazi ya watu wawili waliokaa kwenye kona ya ofisi na kompyuta zao. Mzigo huamuliwa kwenye meza ya mipango. Mpimaji asipokuwa kwenye meza hiyo, atakuja kupima kitu ambacho tayari kimeshindikana.

Sasa tuje kwenye timu zetu, zile zinazofanya kazi kwa mtindo wa ajaili: sprinti za wiki mbili, kikao cha kusimama kila asubuhi, kadi ukutani. Mtindo huu ulipata jina lake Februari 2001, watu 17 walipokutana Snowbird, katika milima ya jimbo la Utah, wakaandika tamko fupi. Kati ya kanuni walizoambatanisha nalo imo inayosema kipimo kikuu cha maendeleo ni programu inayofanya kazi. Nimeishi na kanuni hiyo miaka mingi na ninaiamini. Swali langu ni moja: inafanya kazi kwa watu wangapi? Timu nyingi huishia kwa mtu mmoja, naye ni yule anayeonesha kazi kwa mteja siku ya Ijumaa, ofisini, kwenye mtandao wa kasi, akibonyeza kitufe kimoja baada ya kingine. Kitufe kinaonekana. Watu 3,000 wanaobonyeza kitufe hicho hicho hawaonekani. Kwa hiyo kadi yenye kitufe humalizwa, na kadi yenye watu 3,000 husogezwa sprinti ijayo.

Nayasema haya kwa sababu niliyaona. Nilikuwa kwenye timu iliyotengeneza mfumo wa kukata tiketi za mabasi ya mikoani. Kadi iliyoandikwa "jaribio la mzigo" ilikuwa ukutani tangu sprinti ya kwanza. Katika kila kikao cha kupanga kazi ilichomolewa, ikatazamwa, ikarudishwa chini ya orodha. Hakuna aliyeipinga. Kila mmoja alikubali kwamba ni muhimu, na kila mmoja alikuwa na kitu kingine cha kumaliza kwanza. Tulizindua Oktoba. Abiria walikuja kidogo kidogo, mfumo ukaenda vizuri, tukapongezwa.

Halafu ikaja Desemba. Anayeijua Dar es Salaam anajua Desemba ikoje: familia nzima zinaelekea Moshi na Arusha kula Krismasi nyumbani, na kiti cha basi kinakuwa mali ya kugombewa. Siku tiketi za wiki ile zilipoanza kuuzwa, mfumo uliganda kabla ya saa tatu asubuhi. Kuganda tu kungekuwa afadhali. Watu walikatwa pesa kwenye simu na tiketi hazikutoka. Mchana mama mmoja alifika ofisini na watoto wawili, mmoja amelala begani. Alinionesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake.

"Mwanangu, hela yangu mmeipokea. Kiti changu kiko wapi?"

"Nisamehe mama. Mfumo umezidiwa, tunaushughulikia."

"Mimi mfumo siujui. Nilimlipa mtu, siyo mfumo."

Sikuwa na jibu.

Jioni ile tulikaa kutafuta sababu. Jambo la kwanza lililotushangaza ni kwamba seva zilikuwa zimetulia, hazikuwa zimefanya kazi hata robo ya uwezo wake. Hifadhidata nayo ilikuwa haina kazi nzito. Kila kitu kilikuwa kinasubiri. Tukaufuata msimbo mstari kwa mstari hadi tukaikuta sababu. Abiria akibonyeza "Lipa", programu yetu ilichukua njia moja ya kuingilia kwenye hifadhidata, ikakiweka kiti chake kando, ikapeleka ombi la malipo kwa kampuni ya simu, kisha ikakaa kusubiri abiria aweke namba ya siri. Muda wote huo njia ile ilikuwa bado imeshikwa mkononi. Na njia zote kwa jumla zilikuwa 20.

Fikiria mtu anavyolipa kwa simu. Ujumbe unaingia, anausoma, anamuuliza mwenzake kama kiasi ni sawa, anaandika namba ya siri, anakosea, anarudia. Sekunde 30 si nyingi. Njia 20, kila moja ikishikwa kwa sekunde 30, zinahudumia watu 40 kwa dakika. Wa 41 anasubiri nje. Anayesubiri nje haoni foleni, anaona duara linazunguka kwenye kioo. Anachofanya ni kile ambacho mimi na wewe tungefanya: anabonyeza tena. Sasa yeye ni watu wawili. Mfumo uliojengwa kwa mabasi ya nchi nzima ulikuwa na mlango wa kupitisha watu 40 kwa dakika, na hakuna seva kubwa ambayo ingeupanua.

Hesabu niliyoifanya hapo ina jina. Mwaka 1961 John Little, mtafiti wa Marekani, alithibitisha kanuni ambayo kila mama ntilie anaijua kwa vitendo: idadi ya watu walio ndani ni sawa na kasi wanayoingia nayo, mara muda ambao kila mmoja anakaa. Wateja 2 wakiingia kila dakika na kila mmoja akakaa dakika 15, mama ntilie anahitaji viti 30. Akiwa na viti 20, foleni itakua tangu saa sita mchana, na haitapungua hadi watu waache kuja. Anaweza kuongeza viti, au akapunguza muda wa kukaa kwa kupakua chakula mapema. Njia nyingine ni kuwazuia watu mlangoni. Hakuna ya nne. Zaidi ya nusu karne kabla ya Little, mwaka 1909, Agner Erlang wa Copenhagen aliandika hesabu za kwanza za aina hii kwa ajili ya simu, akitafuta laini ngapi zinatosha mji ambao watu wake hawapigi wote kwa wakati mmoja. Maarifa haya ni ya zamani kuliko kompyuta. Timu yetu ilikuwa na wahandisi wazuri, na hakuna aliyekaa dakika mbili kuifanya hesabu hiyo kwa sababu hakuna kadi iliyomtaka aifanye.

Kurekebisha kulichukua siku mbili. Kiti kikawekwa kando kwa kuandikwa kwenye hifadhidata pamoja na muda wa kuisha, njia ikaachiwa papo hapo, kisha ndipo ombi likapelekwa kwa kampuni ya simu. Jibu la malipo lilipokuja, likachukua njia nyingine kwa sehemu ndogo ya sekunde. Siku mbili za kazi, ambazo zingefanyika Septemba bila mtu kulia.

Nimejiuliza mara nyingi: kama tungeifanya ile kadi, tungeliona tatizo? Jibu ni hapana, na hili ndilo ninalotaka wapimaji walishike kuliko yote. Katika mazingira yetu ya majaribio kampuni ya simu ilikuwa ya kuigiza. Tulikuwa tumeandika programu ndogo inayojibu "malipo yamekubaliwa" papo hapo, kwa sababu hakuna aliyetaka kusubiri wakati anapima vitufe. Tungepeleka watu 1,000 wa bandia, kila mmoja angelipa kwa sekunde sifuri, na ripoti ingetoka ya kijani kibichi. Jaribio lingekuwa limefanyika, na lingekuwa limetudanganya. Kampuni ya kuigiza inatakiwa kuwa nzito kama ya kweli. Mara ijibu baada ya sekunde 5, mara 40, mara isijibu kabisa.

Uongo wa namna hiyo uko mwingi katika vyumba vya majaribio. Hifadhidata huwa na abiria 500 waliotungwa majina, wakati ile ya kweli ina milioni nne. Kutafuta jina kwa kupitia mistari yote 500 hakuonekani hata kwa kipimo, ila kwa milioni nne kunasimamisha ofisi. Kuna pia uongo wa mtumiaji mwenye adabu, na huu hujificha ndani ya zana zenyewe. Zana nyingi za kupima, zikiachwa zilivyo, hutuma ombi, husubiri jibu, kisha ndipo hutuma lingine. Mfumo ukichelewa, na zana nayo inapunguza mwendo, kana kwamba inauonea huruma. Watu halisi hawafanyi hivyo. Kivuko cha Kigamboni kikiharibika, abiria wa nyuma hawajui, wanaendelea kushuka kwenye daladala na kuja, na ndani ya nusu saa umati umefika barabarani. Jaribio lazima liwe na watu wa namna hii, wanaofika kwa kasi yao wenyewe bila kujali walio mbele yao wamehudumiwa au la. Gil Tene, mhandisi aliyelieleza tatizo hili kwa uwazi kuliko wengi, ameonesha jinsi zana inayosubiri inavyofuta kwenye ripoti zile nyakati mbaya ambazo ulikuwa unazitafuta.

Na usiuamini wastani. Maombi 99 yakijibiwa kwa nusu sekunde na moja likachukua dakika nzima, wastani ni kama sekunde moja na kidogo, na mkubwa wako atafurahi. Yule mmoja aliyesubiri dakika nzima hayumo kwenye furaha hiyo. Panga maombi 100 kutoka la haraka hadi la mwisho, kisha mtazame wa 95 na wa 99. Hao ndio watakaokuja ofisini na watoto begani. Wa 99 anaonekana mchache, lakini abiria mmoja hufungua kurasa nyingi kabla hajapata tiketi, kwa hiyo ukurasa mmoja mzito kati ya 100 huwapata watu wengi kuliko inavyodhaniwa.

Tuna methali, mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Tunaitumia kusifu nguvu, na Wanyamwezi wanaistahili, maana ndio waliobeba biashara ya karne ya 19 kati ya Tabora na Bagamoyo. Lakini ukisoma habari za misafara ile unakuta jambo jingine. Mzigo wa mpagazi ulijulikana: kwa kawaida kama kilo 30 hivi, ukapimwa na kufungwa kabla ya kuondoka. Na siku ya kwanza msafara haukwenda mbali. Ulitoka mjini na mizigo yote kamili, ukatembea mwendo mfupi, ukapiga kambi karibu. Huko ndiko ilikoonekana nani hajafika, kamba gani imelegea, mzigo gani umefungwa vibaya na kitu gani kimesahaulika, wakati mji bado uko nyuma ya kilima na mtu anaweza kurudi kukichukua. Wale watu walikuwa na miezi mitatu ya pori mbele yao. Hawakungoja wafike katikati ya Ugogo ndipo wajue kamba haifai.

Hivyo ndivyo sprinti inavyotakiwa kuwa: mwendo mfupi, mizigo kamili.

Kwa vitendo, kazi huanza na namba, na namba huandikwa kabla ya msimbo. Kadi isiseme tu "abiria atafute basi". Iseme: abiria 300 wakitafuta kwa pamoja basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya, kwenye hifadhidata yenye safari za mwaka mzima, maombi 95 kati ya 100 yajibiwe ndani ya sekunde 1. Kadi hiyo haijakamilika mpaka hilo lionekane, kama vile isivyokamilika kitufe kisipofanya kazi. Wengine huniuliza namba itoke wapi. Itoke kwa mwenye bidhaa, na yeye aitoe kwenye kalenda ya watu wake. Huku kwetu mzigo una tarehe zake: mwisho wa mwezi mishahara inapoingia, shule zinapofunguliwa, wiki ya Idi, siku matokeo ya mitihani yanapotangazwa na nchi nzima ikafungua ukurasa mmoja. Kenya wana tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi, na kila mfumo unaogusa kodi unaijua. Mwenye bidhaa asiyeweza kusema siku yake kubwa ni ipi na italeta watu wangapi, bado hajaijua biashara yake vizuri, na ni heri timu ilijue hilo mapema.

Kisha kila usiku mzigo mdogo upite wenyewe, bila mtu. Dakika tano zinatosha. Maandishi ya jaribio yakae pamoja na msimbo wa programu, yabadilishwe na yule yule anayebadilisha programu. Zana zipo na nyingi ni za bure: JMeter imekuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na baada yake zimekuja Gatling, Locust na k6, ambazo majaribio yake ni msimbo wa kawaida kabisa. Zana si kikwazo tena. Thamani ya jaribio la usiku haiko kwenye ukubwa wake, iko kwenye kulinganisha. Jana ukurasa ulijibu kwa sekunde 0.4, leo 0.9. Katikati kuna mabadiliko matatu tu, yaliyoingizwa na watu wawili ambao bado wanakumbuka walichofanya. Sababu itapatikana kabla ya chai. Tofauti hiyo hiyo ikigunduliwa baada ya miezi minne, imefunikwa na mabadiliko 600, na aliyeiingiza ameshahama kazi.

Jaribio kubwa halifutwi na hili dogo. Kabla ya msimu wa shughuli nyingi ongeza watu hatua kwa hatua mpaka mfumo uvunjike, kwa sababu unataka kuona unavyovunjika. Mfumo ulioumbwa vizuri ukizidiwa unasema "subiri" na kuendelea kuwahudumia waliomo ndani, ila mbovu huanguka na wote. Siku nyingine uuache na mzigo wa wastani usiku kucha, uone kama kumbukumbu ya seva inajaa polepole hadi alfajiri.

Wapo watakaonijibu kwa onyo la mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth la mwaka 1974, kwamba kuhangaikia kasi mapema mno ni chanzo cha maovu mengi. Onyo hilo ni sahihi. Lakini Knuth alikuwa anawakemea wanaokunja msimbo wao wakibahatisha palipo na uzito, na akasisitiza kwamba palipo na uzito huonekana baada ya kupima. Kulitumia jina lake kukwepa kupima ni kumgeuza.

Turudi Marekani, maana mkasa ule haukuishia kwa watu sita. Kufika Oktoba mwishoni serikali ilikwishaleta kikosi cha kuokoa, akiwemo Mikey Dickerson, mhandisi kutoka Google. Tatizo moja alilolikuta lingemshangaza fundi yeyote: hapakuwa na mahali pa kutazama afya ya mfumo mzima. Watu walijua tovuti imeanguka kwa kusikia kwenye habari. Vipimo vikawekwa. Vikao vikafanyika mara mbili kwa siku, na Dickerson akaviwekea masharti matatu. Kikao ni cha kutatua matatizo, kutupiana lawama kutafutiwe mahali pengine. Azungumze anayelijua jambo zaidi, bila kujali cheo. Na yashughulikiwe yale yatakayowaumiza katika saa 24 hadi 48 zijazo. Sharti la pili ndilo ninaloliona zito kuliko yote. Wiki chache kabla, watu waliolijua jambo walikuwepo, na jaribio lao la watu mia chache lilikuwa na jibu. Cheo ndicho kilichozungumza.

Tarehe 1 Desemba 2013 serikali ilitoa hesabu. Marekebisho zaidi ya 400 yalikuwa yamefanywa. Muda wa kujibu, uliokuwa kama sekunde 8, ulikuwa umeshuka chini ya sekunde 1. Makosa, yaliyokuwa kama 6 katika kila maombi 100, yalikuwa chini ya 1. Mfumo ulikuwa unahimili watu 50,000 kwa pamoja, na mlangoni pakawekwa foleni ya kuwangojesha wengine kwa heshima badala ya kuwaangushia kila kitu. Hadi Aprili 2014, watu milioni 8 walikuwa wamejiandikisha nchi nzima, wakiwemo waliopitia tovuti za majimbo yao wenyewe.

Wahandisi walioiokoa walifanya kazi ileile inayofanyika kwenye sprinti nzuri: kupima, kutazama, kurekebisha kidogo, kupima tena kesho yake. Ilifanyika baada ya uzinduzi, mbele ya macho ya dunia, kwa gharama kubwa.

Kwa hiyo, msomaji, kama wewe ndiye unayepanga tarehe, nakuomba kitu kimoja. Kabla hujaitangaza, kaa na mpimaji wako, mkubaliane namba ambayo mfumo ukishindwa kuifikia hautafunguliwa. Iandikeni, wekeni sahihi, ibandikwe ukutani juu ya kadi zote. Na siku atakapokuja kukwambia namba haijafikiwa, usimuulize kama hawezi kulifanya jaribio jepesi zaidi.